Gari la Plastiki Lililochorwa kwa Ajili Yetu



Wiki hii naomba tuweke kando mambo ya programu, tuzungumzie gari. Si gari jipya wala si gari la mashindano. Ni gari moja tu, lililoundwa ndani ya gereji ya kukodi mjini Detroit, Marekani. Mwenyewe aliliendesha na familia yake, akatafuta wa kulifadhili kwa miaka mingi, na mwishowe likaingia kwenye jumba la makumbusho. Jina lake ni Warrior, yaani mpiganaji. Aliyelichora aliitwa McKinley Thompson, na alilichora akiwafikiria watu wa nchi changa, zikiwemo zile za Afrika zilizokuwa zimetoka tu kupata uhuru. Kwa maneno mengine alikuwa akitufikiria sisi, ingawa wengi wetu hatujawahi kulisikia jina lake.

Nimeichagua hadithi hii kwa sababu ya swali ambalo sisi watu wa programu huliruka mara nyingi: hiki ninachokibuni, nani ataweza kukiunda, na kwa vifaa gani? Wachoraji wengi wa magari huanza na sura. Thompson alianza na kiwanda.

Tuanze mwanzo. Thompson alizaliwa New York mwaka 1922. Mwaka 1934, akikaribia miaka 12, alikuwa akitembea barabarani alipoona gari la DeSoto Airflow la rangi ya fedha. Magari ya wakati huo yalikuwa kama masanduku yaliyofungwa magurudumu, lakini Airflow lilikuwa na mwili wa mviringo uliokatwa kufuata upepo. Uzeeni alisimulia kwamba mawingu yaliachana, jua likalimulika lile gari, na pale pale akajua kazi atakayoifanya maishani.

Kujua ni jambo moja, kufika ni jingine. Marekani ya wakati huo haikuwa na mtu mweusi hata mmoja aliyeajiriwa kusanifu magari katika kampuni kubwa. Thompson akafanya kazi ya kuchora michoro ya kiufundi, vita vya pili vya dunia vikamkuta, akatumikia katika kikosi cha mawasiliano cha jeshi. Alipokaribia miaka 30 ile ndoto ya utotoni ilikuwa bado ni ndoto.

Mwaka 1953 jarida la magari la Motor Trend lilitangaza shindano la usanifu. Zawadi ilikuwa ufadhili wa masomo katika shule ya usanifu ya Art Center, Los Angeles. Thompson akatuma mchoro wake, akashinda. Huo ulikuwa mwaka mmoja kabla ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua kwamba ni kinyume cha katiba kuwatenga watoto weusi na weupe shuleni. Huku kwetu, Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari. Msomaji anaweza kupima mwenyewe uzito wa mtu mweusi kushinda shindano la aina hiyo mwaka ule.

Sasa angalieni mchoro wenyewe. Gari alilolichora lilikuwa na injini ya tabini, kama ya ndege, na bodi ya plastiki iliyoimarishwa. Tabini ilikuwa fasheni ya miaka hiyo na haikufika mbali kwenye magari. Plastiki ndiyo ya kutiliwa maanani. Mwaka huo huo wa 1953 kampuni ya General Motors ilitoa Corvette la kwanza, lenye bodi ya nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi ya plastiki, ile tunayoiita faibaglasi. Mwaka wa kwanza yaliundwa magari 300 tu, mengi ya kazi ikifanywa kwa mikono. Kwa hiyo, hata kabla ya kuingia darasani, Thompson alikuwa ameshaanza kuifikiria bodi ya gari isiyotegemea chuma. Wazo hilo lingemfuata kwa zaidi ya miaka 20.

Pale Art Center alikuwa mwanafunzi mweusi wa kwanza katika idara ya usanifu wa vyombo vya usafiri. Alimaliza mwaka 1956, akaajiriwa na Ford, akawa msanifu mweusi wa kwanza katika kampuni hiyo. Walimweka kwenye studio ya miundo ya mbele, iliyoshughulika na magari ya miaka mingi ijayo, chini ya Alex Tremulis, yule aliyelichora gari maarufu la Tucker la 1948.

Hapa nieleze kidogo kuhusu magari ya mfano, maana ndiyo yaliyokuwa kazi ya studio hiyo. Gari la mfano ni gari linaloundwa moja au machache ili kuonyesha wazo, bila nia ya kuliuza. Buick Y-Job la mwaka 1938, lililosimamiwa na Harley Earl wa General Motors, ndilo linalotajwa sana kuwa la kwanza. Kampuni hulipeleka kwenye maonyesho, watu hushangaa, picha huchapishwa magazetini. Wanaprogramu tunayo ya kwetu: ile programu ya kuonyesha kwa mteja ambayo vitufe vyake vinabonyezeka lakini nyuma yake hakuna kitu.

Studio ya Tremulis ilitoa moja la ajabu kweli. Liliitwa Gyron, na Ford ililionyesha mwaka 1961. Lilikuwa na magurudumu mawili tu, moja mbele na moja nyuma kama pikipiki, na wazo lilikuwa kwamba lisimamishwe wima na chombo kinachozunguka kwa kasi, kwa kanuni ile ile inayoisimamisha pia ya watoto inapozunguka. Likisimama, vijiguu viwili vidogo vingetoka ubavuni kulishikilia. Thompson alishiriki katika kazi hiyo.

Katika studio hiyo alipita pia kijana mwingine aliyesoma Art Center, Syd Mead, aliyemaliza masomo mwaka 1959. Mead alikaa Ford karibu miaka miwili, akaondoka mwaka 1961, akaendelea kuchora magari na miji ya kesho. Waliotazama filamu za Tron na Blade Runner, zote za mwaka 1982, wameona kazi yake: pikipiki za mwanga za Tron na magari ya polisi yanayopaa ya Blade Runner yalitoka kwenye kalamu yake. Namtaja kwa sababu wawili hawa wanaonyesha njia mbili za mchoro. Mchoro wa Mead ulikamilika ulipotazamwa. Mchoro wa Thompson haukuwa umekamilika mpaka mtu auchukue, awashe mitambo, atoe gari.

Mwaka 1963 alichora mojawapo ya michoro ya awali ya gari la Ford la kupita porini, lililokuja kuitwa Bronco na kuuzwa kama modeli ya mwaka 1966. Ni gari la pembe nne, vioo vyake bapa, magurudumu yamesogezwa hadi kwenye kona. Hakuna urembo. Mtu anayejua Land Rover za zamani ataelewa mara moja: gari ambalo sura yake inatokana na kazi yake.

Turudi kwenye kalenda ya kwetu. Mwaka 1960 peke yake nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Tanganyika ikafuata 1961, Uganda 1962, Kenya na Zanzibar 1963. Bendera zilikuwa mpya, barabara nyingi zilikuwa za udongo, na magari karibu yote yalishuka melini. Thompson, akiwa Detroit, akajiuliza: kwa nini nchi hizi zisiunde gari lao?

Jibu la kawaida lingekuwa kwamba kiwanda cha magari ni ghali mno. Ni kweli, lakini inafaa tujue ughali wenyewe uko wapi. Mlango wa gari la kawaida huanza kama bamba la chuma. Bamba linawekwa kati ya kalibu mbili nzito, mtambo wenye nguvu ya mamia ya tani unakandamiza, na umbo linatoka. Kazi yenyewe ni ya sekunde chache. Pesa ziko kwenye kalibu na mtambo. Kila kipande cha bodi kinataka kalibu zake, na gharama hiyo hulipwa kabla gari la kwanza halijauzwa. Ukiuza magari laki 2 kwa mwaka, gharama inagawanyika hadi haionekani. Ukiuza elfu 2, kila gari linabeba deni la kalibu mgongoni.

Nchi changa zilikuwa na soko la elfu 2. Kwa hiyo chuma kilikuwa kimeshaamua, kabla ya waziri yeyote kuamua, nani ataunda magari na nani atayanunua.

Thompson akabadilisha malighafi. Alichagua plastiki ya kampuni ya Uniroyal iitwayo Royalex, yenye tabaka kadhaa: ngozi ngumu juu na chini, povu katikati. Baadaye ilipata umaarufu katika mitumbwi ya kuteremkia mito yenye mawe, maana ikigonga jiwe hunepa badala ya kupasuka. Shiti ya namna hii hupashwa moto hadi ilegee, ikalazwa juu ya kalibu, kisha hewa iliyo chini yake ikafyonzwa. Kazi ya kuikandamiza inafanywa na hewa hii hii tunayoipumua, kwa msukumo wa takriban kilo 1 kwa kila sentimita mraba. Kalibu ya kustahimili hivyo haihitaji kuwa ya chuma kizito. Rangi iko ndani ya plastiki yenyewe, kutu haipo.

Mnaona alichokifanya? Hakuvumbua plastiki wala injini. Alihamisha gharama kutoka mahali ambapo nchi maskini haiwezi kulipa, akaipeleka mahali ambapo inaweza. Na gari halikuwa mwisho wa mpango. Alilihesabu kuwa sehemu ya mradi mkubwa zaidi wa viwanda vya plastiki, ambavyo vingetengeneza pia vyombo vya majini na nyumba, ili watu wapate kazi na ujuzi usiotegemea bidhaa moja.

Mwanzoni Ford ilimuunga mkono. Mwaka 1967 ikajitoa, ikiona kwamba gari hilo lisingeuzwa kwa wingi wa kutosha kurudisha gharama. Ni hesabu ya kiwanda cha chuma iliyotumika kulipima gari lililokusudiwa kuikwepa hesabu hiyo.

Thompson hakuacha kazi Ford, lakini hakuliacha wazo pia. Alikusanya marafiki, akiwemo Wally Triplett, mchezaji wa zamani wa timu ya Detroit Lions, ambaye ndiye mweusi wa kwanza kuteuliwa katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu ya kandanda ya Marekani na kisha kucheza humo. Walichanga pesa, wakanunua Renault 10, gari dogo la Kifaransa lenye injini nyuma, wakaijenga Warrior juu ya mitambo yake. Gari likawaka, likatembea. Baada ya hapo ikaja sehemu ngumu, ya kutafuta mkopo na mshirika. Walihangaika hadi mwaka 1979, wakasalimu amri. Thompson alistaafu Ford mwaka 1984 na kufariki 2006. Warrior lenyewe limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la The Henry Ford, mjini Dearborn.

Je, wazo lilikuwa la ndoto tu? Historia ilijibu haraka. Mwaka 1968, mwaka mmoja tu baada ya Ford kukataa, Citroën ya Ufaransa ilitoa Méhari, gari dogo la wazi lenye bodi ya plastiki ya ABS, jamaa wa karibu wa ile ya Thompson. Liliundwa hadi 1987, karibu magari 145,000. Huko Ivory Coast, Citroën ikawa na gari liitwalo Baby-Brousse, lenye bodi ya mabati yaliyokunjwa tu bila kalibu kubwa, likaundwa Abidjan. Na mwaka 1972 Ford yenyewe ikatoa Fiera huko Ufilipino, gari la mabati ya kukunja lililokusudiwa kuundwa kwa vifaa rahisi na kuuzwa kwa watu wa kipato cha chini. Thompson alikuwa bado mfanyakazi wao.

Sitaki kumfanya malaika. Mchoro wake ulikuwa na mapengo, na yatajwe. Plastiki ile ingelazimika kuagizwa kutoka nje, kwa hiyo utegemezi ungehama kutoka kwenye gari hadi kwenye shiti. Jua letu ni kali: mwenye Méhari ya zamani atakuambia kwamba plastiki hupauka na kuwa kavu hadi inakatika. Tena kila kituo cha biashara Kenya kina fundi wa kuchomelea chuma, lakini wa kuziba plastiki ungempata wapi mwaka 1970? Haya ni maswali ambayo yangejibiwa na magari 1,000 barabarani. Gari moja haliwezi kuyajibu. Kilichokosekana ni nafasi ya kukosea na kusahihisha, ile tunayoipata sisi tunapotoa toleo la 0.1 la programu na kuwaachia watu waligundue makosa.

Sasa tuangalie nyumbani. Katikati ya miaka ya 1970 Kenya ilianzisha viwanda vya kuunganisha magari Thika, Nairobi na Mombasa. Kazi ikapatikana, na hilo si dogo. Lakini magari yalikuja vipande vipande ndani ya makasha, milango na paa zikiwa zimeshakandamizwa ng'ambo. Sisi tuliunganisha na kupaka rangi. Umbo lilikuwa limeamuliwa kwingine.

Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalizinduliwa Kasarani. Yalikuwa matano, na yalitembea. Lakini tulichagua njia ngumu kuliko zote: injini yetu, chuma chetu, kila kitu chetu kwa mara moja. Pesa za kiwanda hazikupatikana, na magari yakabaki kuwa ya kumbukumbu. Kilichosalia cha maana ni karakana ya vipuri ya Numerical Machining Complex.

Wakati huo huo, bila hotuba wala uzinduzi, mafundi wetu walikuwa wakitekeleza wazo la Thompson bila kumjua. Fikirieni matatu makubwa ya Nairobi. Injini na fremu ya chini hutoka kwa kampuni kubwa. Bodi nzima, kuanzia mbavu za chuma hadi viti na taa, hujengwa hapa nchini na mafundi wanaojua barabara na abiria wake. Huo ndio mgawanyo wa Warrior na Renault 10: chukua kwa wenzako kile kinachohitaji mitambo mikubwa, unda mwenyewe kile unachokiweza, na ujifunze kutokea hapo. Matatu hayahesabiwi kuwa teknolojia kwa sababu yana kelele. Mimi nayahesabu.

Uganda nayo inatupa somo. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere waliendesha Kiira EV, gari la umeme la watu wawili. Lingeweza kuishia kwenye picha za magazeti kama magari mengi ya mfano. Lakini serikali iliendelea kulipia, ikaundwa kampuni ya Kiira Motors, mwaka 2016 likaonyeshwa basi lenye paneli za jua liitwalo Kayoola, na kiwanda kikajengwa Jinja. Mtu anaweza kulalamika kuhusu gharama na mwendo wa pole, na ana haki. Tofauti na Detroit ni kwamba baada ya gari la kwanza kulikuwa na mtu wa kulipia la pili.

Ndiyo maana napinga ile kauli tunayoirudia kila mara, kwamba Afrika haina wabunifu. Wabunifu wapo, na hata Detroit alikuwepo mmoja aliyekuwa akitubunia. Kinachotushinda ni kile kipande kati ya mchoro na toleo la pili.

Na kwa sisi tunaoandika programu, kuna la kujifunza papo hapo. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 haikumdai mtu simu mpya. Iliingia kwenye menyu ya kadi ya simu, ikafanya kazi kwenye kasimu ka tochi. Kuna mtu aliyejiuliza swali la Thompson kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Kila tunapochagua lugha, maktaba au seva, tunachagua pia ni nani atakayeweza kuirekebisha kazi yetu sisi tukiondoka. Fundi wa Kisumu mwenye tarakilishi kuukuu na intaneti ya kununua kwa saa, je, ataweza?

Mwanafunzi yeyote wa usanifu anayesoma haya, chora gari lako, lipendeze. Lakini pembeni mwa karatasi andika kwa maneno machache: litaundwa wapi, kwa mtambo gani, na likivunjika nani atalitengeneza. Thompson aliyaandika yake miaka 60 iliyopita.

Haya, kwaherini kwa sasa. Wiki ijayo tutarudi kwenye programu huria kama kawaida.